Vimulimuli vya buluu Lubumbashi: nani abaki navyo, nani avuliwe?

Mleta hoja
Naleta hoja, tuijadili bila matusi. Taa za buluu zinazowakawaka juu ya magari zibaki kwa ambulansi, zimamoto na polisi tu. Wengine wote wavuliwe, hata mkubwa aliyekaa kiti cha nyuma awe nani.

Siombi kitu kigeni. Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya usafiri wa barabarani, ambao nchi yetu ya Kongo ilijiunga nao mwaka 1977 tungali Zaire, unasema taa ya buluu ni ya magari ya kipaumbele yakiwa kwenye kazi ya haraka, au pale inapobidi wengine waonywe kwamba gari hilo lipo. Ya rangi ya chungwa ni ya gari ambalo kazi yake au ukubwa wake unaleta hatari au usumbufu njiani. Mwaka mmoja baada ya kujiunga tukapata sheria yetu ya barabara, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Karatasi tunazo tangu zamani.

Sasa simama karibu na Posta jioni, watu wakitoka kazini. Utaona jipu nyeusi, vioo vyeusi, buluu imefichwa ndani ya grili, king'ora kinalia. Zinafuata mbili zimejibandika nyuma yake zipite bure. Siku nyingine ni harusi! Taksi-bisi inapanda ukingo wa barabara, mwenye pikipiki anakimbilia mtaroni. Hakuna mgonjwa ndani, hakuna moto unaowaka mahali.

Muuguzi, Katuba
Asante yaya, kaka yetu, kwa kuileta. Mimi napanda ambulansi. Tunapotoka Katuba kwenda hospitali ya Sendwe na mama anayevuja damu, dereva anawasha kila kitu, na mbele yetu watu wanaangalia kioo kisha wanaendelea. Siwalaumu sana. Wameshapisha majipu mangapi siku hiyo? Mtu amechoka kupisha, na uchovu huo anaulipa mgonjwa wangu.

Dereva, njia ya Kasumbalesa
Papa, mjini unasema kweli, lakini usituguse sisi. Mimi nasindikiza malori ya mizigo mipana ya migodi. Kutoka hapa mpaka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni kama kilomita 90, na kiangazi vumbi la kando linafunika kila kitu. Nikiwasha ya chungwa, anayekuja mbele ananiona kama gari la kawaida la mgodi. Siku hizi kila pikapu ya mgodi ina taa ya chungwa na kibendera kirefu, hata ikienda sokoni kununua mkate. Ndiyo maana wenzangu wengine wameweka buluu. Hawatafuti ukubwa, wanatafuta kuonekana.

Mleta hoja
Ndugu dereva, umenisaidia kuliko ulivyotaka. Chungwa imekufa kwa sababu inawashwa bila kazi, nanyi mnataka kuhamia buluu ili nayo ife. Mkataba unaibana hata hiyo ya chungwa: iwashwe gari likiwa kwenye kazi yake kweli, au likiwa hatari kwa wengine. Pikapu ikitoka mgodini izime. Ninyi wenye mzigo mpana mtaonekana tena.

Fundi umeme, Kamalondo
Mimi ndiye ninayezifunga, acheni niseme. Mteja analeta baa ya taa aliyoinunua Dubai au iliyokuja na gari lenyewe kutoka Durban, ina rangi tatu na swichi moja. Nimkatalie? Atavuka barabara kwa fundi mwingine. Halafu nyingi ni mbovu kwa kazi yenyewe. Kanuni ya kimataifa namba 65 inataka taa iwake mara mbili mpaka nne kwa sekunde. Hizi zinakimbia kama za dansi. Usiku umeme ukikatika mtaa mzima, zinampofusha dereva wa mbele asimwone mtu anayevuka.

Na kuna wanaoniomba nyekundu mbele. Hapo nakataa kabisa. Nyekundu ni ya nyuma, nayo usiku inapotea katikati ya taa za breki. Buluu haikuchaguliwa kwa urembo: gizani jicho linaishika buluu kuliko nyekundu.

Mstaafu wa utawala
Suluhisho ni jepesi. Kila mwenye kimulimuli apewe kibali chenye muhuri na picha ya gari. Asiye nacho alipe faini.

Dereva, njia ya Kasumbalesa
Mzee, kwa heshima zote, hapana. Kibali ni karatasi nyingine ya kuombwa kwenye kizuizi cha barabarani. Nikiwa nacho, wataniambia muhuri umefifia. Na jipu nyeusi ndiyo kwanza haitasimamishwa. Wewe unafikiri nani ataigongea kioo kuomba karatasi?

Mleta hoja
Hapo nakubaliana na dereva moja kwa moja, na hapa ndipo penye uzito wa mambo. Kibali kinakaa mfukoni, raia hakioni. Kinamwongezea nguvu mwenye kizuizi, mwenye jipu hakimgusi. Mimi napendelea kanuni inayosomeka kwa macho: buluu ni halali tu juu ya gari lililopakwa rangi za huduma yake, jina la huduma limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Basi. Hata mtoto wa shule pale mtaa wetu wa Kenya ataweza kusema hili ni halali, hili si halali. Polisi hana cha kukagua wala cha kusahihisha. Na mkubwa akitaka buluu, aandike jina la ofisi yake ubavuni tumjue. Nadhani wengi watakataa wenyewe.

Tanzania nao wana tatizo hilihili, na polisi wao wameshafanya misako ya kuvua vimulimuli na ving'ora kwenye magari ya watu binafsi. Msako unaisha, taa zinarudi. Kinachobaki ni kile ambacho kila mtu anaweza kukiona.

Mstaafu wa utawala
Na polisi wanaofuata majambazi kwa gari la kiraia? Utawaandikia jina ubavuni?

Mleta hoja
Hao wawe na taa ya kubandika wakati wa kukamata tu. Ni mwanya, nakiri, na watu watapita humo. Lakini ni mwembamba kuliko huu wa sasa.

Muuguzi, Katuba
Kabla hamjafunga mlango. Kuna vituo vya afya nje ya mji visivyo na ambulansi. Usiku wanamleta mama kwa gari la paroko au taksi, indiketa zote nne zinawaka, mtu anapunga kitambaa cheupe dirishani. Gari hilo halina rangi ya huduma yoyote. Kwa kanuni yako ya macho, yaya, tunaliachia njia au hatuliachii?

Fundi umeme, Kamalondo
Tunaliachia. Lakini kwanza nivue ngapi kesho asubuhi? Nina tatu zinasubiri uani, na wenyewe wameshalipa nusu.