Mahakama iliungua, na kuna watu wawili wa jina moja: nimwamini nani?

Mwenye swali
Salamu kwenu, ndugu. Nafuatilia nasaba ya ukoo wa mume wangu, ambao kwa masimulizi ya wazee wao waliishi katika Kaunti ya Buckingham, Virginia, tangu kabla ya vita vya uhuru wa Marekani. Jengo la mahakama ya kaunti hiyo liliungua mwaka 1869, na humo zikateketea hati za mauzo ya mashamba pamoja na wosia. Sensa nayo hainifikishi mbali, kwa kuwa kabla ya mwaka 1850 iliandika jina la mkuu wa kaya tu, na ile ya Virginia ya mwaka 1790 haipo kabisa. Kilichobaki ni orodha za kodi. Humo nawakuta watu wawili wa jina moja, mmoja ameandikwa Mkubwa na mwingine Mdogo, nami nimewachukulia kuwa baba na mwana, lakini shemeji yangu anapinga. Je, orodha hizo zinaweza kuonyesha nani ni mtoto wa nani?

Mchangiaji wa kwanza
Dada, shemeji yako ana hoja. Enzi hizo maneno hayo yalitofautisha tu watu wa jina moja waliokaa eneo moja, mwenye umri mkubwa na mwenye umri mdogo, hata kama walikuwa mtu na mpwa wake au hawakuwa na udugu wowote. Mkubwa akifa au akihama, aliyekuwa Mdogo huweza kuandikwa Mkubwa mwaka unaofuata, na mtafiti asiye makini akawafanya watu wawili kuwa mmoja.

Kwa hiyo acha jina, fuata shamba. Nakala za orodha za kodi zilipelekwa Richmond, mji mkuu wa Virginia, ndiyo maana moto wa 1869 haukuzifikia, na leo zimo katika Maktaba ya Virginia. Orodha za kodi ya ardhi zinaanza mwaka 1782 na zinataja ekari za kila mlipaji. Chukulia kwamba shamba la ekari 312 linatoweka, na papo hapo wanaibuka watu watatu wa ukoo huo, kila mmoja na ekari 104: hapo una kila sababu ya kushuku kwamba ndugu wamegawana urithi. Kuanzia mwaka 1814 orodha zinaeleza pia umbali na uelekeo wa shamba kutoka mahakamani, jambo linalorahisisha sana kuwatenganisha wenye majina yanayofanana.

Mchangiaji wa pili
Naongeza orodha za kodi ya kichwa na mali, ambazo binafsi nazipenda kuliko zile za ardhi kwa sababu zinamtaja hata asiye na shamba. Kijana hahesabiwi hadi afikie umri wa kutozwa, kwa hiyo mwaka anaojitokeza kwa mara ya kwanza husaidia kukadiria mwaka aliozaliwa. Mahali ambapo karani aliandika tarehe ya kumpitia kila mlipaji, waliopitiwa siku moja aghalabu walikuwa majirani, ingawa kitabu kimewatawanya kwa kufuata herufi ya kwanza ya ukoo. Angalizo moja: mwaka 1808 kodi haikutozwa Virginia, basi usimzike mtu kwa kutomwona mwaka huo!

Mchangiaji wa tatu
Mfano wa ekari 104 ni mzuri, ila una mpaka wake. Hadi mwisho wa mwaka 1786, mtu aliyefariki Virginia bila wosia ardhi yake yote ilikwenda kwa mwanawe wa kwanza, tena bila hati yoyote ya kuihamisha. Sheria ya kuwagawia watoto wote ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1787. Kabla ya hapo usitarajie mafungu sawa: tazama ni nani aliyelichukua shamba zima, au nani aliyeuza shamba ambalo hakuwahi kulinunua. Tena, Buckingham ilimegwa kutoka Albemarle mwaka 1761, kwa hiyo hati za kabla ya mwaka huo zitafute Albemarle. Hati hizo hueleza mipaka kwa miti, vijito na majina ya majirani, na mke aliyeridhia mauzo kwa kuachia theluthi yake ya ujane (haki ya mjane kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe) hutajwa kwa jina.

Mwenye swali
Nawashukuru sana. Nimezipitia upya orodha, na nimeona kwamba Mkubwa anakoma mwaka 1785, kisha ekari zake zote zinaandikwa kwa mtu wa ukoo huohuo mwenye jina jingine la kwanza, huku Mdogo akiendelea kulipia kipande chake kilekile cha zamani. Huenda Mdogo alikuwa mtoto wa pili, huenda hakuwa mtoto wake kamwe. Shemeji amefurahi kupita kiasi, nami nahamia Albemarle.