Kuchambua nadharia za njama kwenye somo la uandishi chuoni

Mwl_Insha: Habari wadau. Nafundisha uandishi wa kitaaluma mwaka wa kwanza. Nikiwapa wanafunzi nadharia za njama wazichambue lugha yake, insha zote zinaishia "ni uongo" au "huenda kuna ukweli". Nifanyeje?

Balagha: Achana na ile ya kwamba binadamu hakufika mwezini. Chukua chanjo ya pepopunda Kenya, 2014. Maaskofu Wakatoliki walidai ina hCG, homoni ya ujauzito, ili kuwafunga wanawake uzazi. WHO na UNICEF wakakanusha. Uzuri wake ni ile chembe ya ukweli: tangu miaka ya 1970 kulikuwa na utafiti wa chanjo ya kuzuia mimba iliyounganisha hCG na sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali. Mwanafunzi aonyeshe hoja inaruka wapi, kutoka "utafiti ulikuwepo" hadi "ndiyo hii tunayochomwa".

Kalamu_Nyekundu: Kipande cha matini wanachochambua kisizidi maneno 300. Pembeni mwa kila sentensi aandike D (dai), U (ushahidi) au S (swali). Hizo S ndizo za kukaa nazo. "Kwa nini wanawake wa miaka 14 hadi 49 tu?" limekaa kama tuhuma, kumbe lina jibu: lengo lilikuwa pepopunda ya wazazi na ya vichanga, ambao huipata kupitia kitovu. "Kwa nini dozi tano?" Ndiyo ratiba ya kawaida ya WHO kwa wanawake wa umri wa kuzaa.

Kisha apigie mstari vitenzi kama "wanaficha", "wametumwa", na ajibu: akina nani? Matini isipowataja, aandike "hawatajwi", asiwabunie. Rasimu ya kwanza ipige marufuku "uongo" na "ujinga".

Balagha: Marufuku sawa, ila rasimu ya pili lazima ipime ushahidi, la sivyo unawafundisha kwamba hoja zote ni sawa tu. Mfano vipimo vya maabara ambavyo maaskofu walivitegemea: mitambo ilikuwa ya kupimia sampuli za binadamu, si chanjo. Wengi wataandika "maabara ilidanganya". Hapana. Kinachoweza kutetewa ni kidogo zaidi: kipimo kile hakithibitishi kilichodaiwa.

Mwl_Insha: Kipindi kimoja cha saa mbili kitatosha?

Kalamu_Nyekundu: Hakitoshi. D/U/S peke yake inakula dakika 40, maana watabishana kama swali la kejeli ni S au D. Waache wabishane. Rasimu ya pili ingoje wiki ijayo, na kejeli kwa maaskofu izuie mapema. Wakatoliki darasani wakinyamaza, umebaki na upande mmoja.