Meli kubwa za kitalii: watoto watacheza nini, na nini hufungwa upepo ukivuma?

Mama Shafii, Kibuli

Asalaam alaykum ndugu zangu. Tumeshalipia safari ya usiku saba kutoka Barcelona kwa meli ya daraja la Oasis (aina ya meli kubwa za kampuni ya Royal Caribbean): wazazi wawili, binti wa miaka 13 (sm 150) na kijana wa miaka 9 (sm 128). Tutapita Palma, Marseille, La Spezia, Civitavecchia na Napoli, na siku ya saba ni bahari tupu. Kwa wanaozifahamu meli hizi naomba kujua: michezo ipi imo ndani ya nauli na ipi ni ya kulipia? Kijana atakubaliwa wapi kwa kimo hicho? Maonyesho tunaweka nafasi au tunaingia tu? Halafu baba yao haachi kuniuliza: meli imebeba mabwawa na mitelezo ya maji juu kabisa, inawezaje isipinduke?

Abdul wa Sitaha

Wa alaykum salaam Mama Shafii. Kwenye daraja la Oasis, mabwawa, mitelezo ya maji, ukuta wa kupanda, FlowRider (mawimbi ya kutengenezwa ya kuteleza kwa ubao), kuteleza kwa kamba, uwanja wa barafu na maonyesho yote makubwa yamo ndani ya nauli. Vya kulipia ni soda na vinywaji vya chupa, mikahawa maalumu, intaneti, na baadhi ya michezo ya vyumbani kama ule wa kufumbua mafumbo ili mtoke. Kampuni nyingine zina taratibu zao. Ile rolakosta (kigari cha reli cha kupanda na kushuka kwa kasi) ya Mardi Gras, meli ya Carnival iliyoanza kazi mwaka 2021, hulipiwa kila mzunguko.

Kinachowashtua wengi ni bahashishi ya wafanyakazi. Kampuni za Marekani huikata yenyewe kila siku, kwa kawaida kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu, mtoto naye akiwemo. Piga hesabu ya dola 18: watu 4 kwa siku 7 ni dola 504. Ilipeni kabla ya kuondoka ili isiwavizie siku ya mwisho.

Kimo sasa. Mitelezo ya maji inataka sm 122, kijana anapita. Ule mtelezo mkavu mrefu unataka sm 112, anapita pia. FlowRider kwa kulala juu ya ubao ni sm 132, na kamba ni hizo hizo sm 132. Hapo hapiti, na hakuna kubembeleza: wanampima pale pale kwenye ufito. Mwambieni mkiwa bado nyumbani, asije akasimama foleni nusu saa arudishwe mbele ya dada yake. Binti anaruhusiwa hata kusimama kwenye FlowRider, maana hapo wanataka sm 147.

FlowRider, kamba, ukuta na barafu vinahitaji fomu ya kukubali hatari, na ya mtoto husainiwa na mzazi au mlezi. Zimalizeni siku ya kwanza jioni watu wakiwa bado wanatafuta vyumba vyao. Mchukue soksi na suruali ndefu za barafu, na viatu vya kufunika vidole kwa ajili ya kamba. Kandambili zitawarudisha chumbani.

Maonyesho hayana malipo ila nafasi ni chache. Ukumbi mkubwa huingiza takriban watu 1,400, na meli ina abiria zaidi ya 5,000. Fungueni programu ya kampuni kwenye simu wiki kadhaa kabla, muweke kwanza onyesho la barafu na la wapiga mbizi, kisha lile la ukumbi mkubwa. Mkikosa msikate tamaa: dakika 10 kabla ya kuanza, viti vya waliochelewa hugawiwa foleni ya wasio na nafasi. Kaeni mlangoni nusu saa kabla.

Zai wa Jinja

Abdul kasema vizuri, naongeza jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: upepo.

Meli ikienda kilomita 40 kwa saa, na upepo wa kilomita 30 kwa saa unavuma kutoka mbele, juu ya sitaha mnapigwa na upepo wa kilomita 70. Kamba hufungwa kwanza, kisha mitelezo. Na ile siku ya bahari tupu ndiyo abiria wote wako ndani, kwa hiyo hata upepo ukitulia foleni ni ndefu. Mkiiweka michezo ya juu siku ya saba, mmecheza kamari.

Dada, tumieni siku moja ya bandari. Meli ikiwa imefungwa gatini haina upepo wa kujitengenezea, na watu wengi wameshuka. Mtoto anaweza kuteleza, akapanda ngazi, akateleza tena bila kusubiri. Ningechagua Civitavecchia, kwa sababu Roma iko mbali, kama kilomita 70 na zaidi, na treni ni karibu saa nzima kwenda tu. Napoli na Palma shukeni; Napoli mji uko pale pale mbele ya bandari.

Kuhusu FlowRider kwa binti. Maji yale ni utando mwembamba tu, wa sentimita chache, unaorushwa na pampu kupanda mteremko. Akisimama, uzito uwe mguu wa nyuma na macho yaangalie mbele. Wanaoanza huinama kuangalia ubao, uzito unahamia mbele, pua ya ubao inazama, na kufumba na kufumbua wako ukutani nyuma. Akianguka asinyooshe mkono kujizuia, hapo ndipo viwiko na mabega huumia. Ajikunje, mikono ikae kifuani, maji yampeleke. Kama anajisitiri, nguo ya kuogelea ya mikono mirefu na suruali ya kubana inafaa, lakini kamba ya kiunoni ifungwe fundo mara mbili kwa sababu nguvu ya maji yale huvua nguo. Vipuli, saa na bangili vibaki chumbani. Kwenye mitelezo wasivae nguo yenye zipu au vifungo vya chuma, watarudishwa.

Fundi wa Portbell

Najibu la baba yao, maana ni swali la maana. Tuliozoea ziwa hatujasahau boti la sherehe lililozama upande wa Mukono Novemba 2018, watu zaidi ya 30 wakafariki.

Kwanza, uzito. Injini, mafuta na matangi ya maji ya balasti (ya kuipa meli uzito chini) viko chini kabisa, na sitaha za juu hujengwa kwa mabati mepesi zaidi. Meli hizi zina upana wa kama mita 47 usawa wa maji, na upana ndio huzirudisha zikilala. Abiria 6,000 wa kilo 75 kila mmoja ni tani 450. Meli yenyewe ni takriban tani 100,000, kwa hiyo hata wote wakikimbilia upande mmoja ni chini ya nusu ya asilimia moja. (Ile namba ya 226,000 mnayoiona kwenye matangazo ni kipimo cha ukubwa wa nafasi ya ndani, si uzito.)

Pili, bwawa. La mita 10 kwa 5 lenye kina cha mita 1.5 lina tani 75 za maji. Tani 75 zilizotulia si tatizo. Tatizo ni zinapoyumba: maji hukimbilia upande meli inakolalia na kuisukuma zaidi. Ndiyo maana mabwawa hugawanywa madogo madogo, na bahari ikichafuka maji hupunguzwa au kuondolewa, kisha wavu hutandazwa juu. Mkiona wavu, msiulize lini litafunguliwa, nendeni ukumbini.

Tatu, yapo mapezi yanayochomoza ubavuni chini ya maji kupunguza kuyumba. Hufanya kazi vizuri meli ikiwa na mwendo, kwa hiyo ikipunguza kasi karibu na bandari mnaweza kuisikia ikiyumba kidogo zaidi. Ni kawaida.

Na zoezi la dharura lazima lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka, sheria iliyokazwa baada ya ajali ya meli ya kitalii Costa Concordia Januari 2012. Mtaangalia video kwenye simu, kisha mtaenda kwa miguu hadi kituo chenu. Wafundisheni watoto mlio wenyewe: saba mfupi, mmoja mrefu.

Mama Shafii, Kibuli

Allah awalipe kheri nyote. Baba yao kasoma mara mbili. Swali dogo: kijana hajui kuogelea, je? Na barafu ipo wazi kila siku?

Abdul wa Sitaha

Barafu si kila siku. Siku za onyesho wachezaji wanafanya mazoezi, na siku nyingine sakafu hufunikwa kwa ajili ya mchezo wa kulengana kwa taa. Zamu za abiria huandikwa kwenye ratiba ya siku ndani ya programu, na nafasi huisha mapema.

Kwa kuogelea, jaketi za watoto zipo bure kando ya bwawa na waokoaji wapo, lakini mzazi akae umbali wa mkono. Kabla ya kula waoshe mikono kwa sabuni na maji, jeli ya spiriti haiui vizuri kirusi cha tumbo kinachosumbua melini. Na simu zote ziwekwe hali ya ndege meli ikiondoka gatini, mtandao wa simu wa baharini hula salio la mwezi kwa dakika chache.