Barafu ya bonge, ya vipande, au maji baridi tu?

chemchem: Wakuu, Jumamosi nina wageni na friji haitoshi. Nipoze vinywaji kwa bonge la barafu, vipande, au maji baridi yanatosha? Naagiza leo jioni.

Kibatari: Wageni wangapi? Chupa za kioo au plastiki? Vikae baridi nusu saa au kutwa? Unauliza nauli bila kusema uendako.

Mama Tunu: Vipande, mwanangu, lakini vimwagie maji. Barafu tupu inagusa chupa kwa ncha tu, kwingine ni hewa. Maji yanaikumbatia yote. Tia na chumvi, ubaridi unashuka chini ya sifuri.

Kibatari: Bonge! Vipande vinakwisha kabla ya shughuli kuanza.

Yabisi: Kinachopoza hasa ni kuyeyuka. Kilo 1 ya barafu ya nyuzi 0 ikiyeyuka inameza kilojuli 334 hivi, inashusha kilo 4 za maji kwa nyuzi 20. Maji baridi tupu hayafui dafu.

sijui_tena: Chochote, ila usitumie friza. Niliweka chupa sita za kioo, "dakika ishirini tu", usingizi ukanipitia. Asubuhi nafungua: shingo moja imesimama na kizibo chake kichwani, soda imeganda kwa umbo la chupa, vioo hadi kwenye nyama. Nyama yote nikatupa. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, chupa itake isitake.

Kibatari: Pole. Usingizi nao ni hali ya nne ya maji?

Dogo Fizikia: Agandishe mwenyewe, aanze na maji ya moto, yanaganda haraka kuliko ya baridi. Erasto Mpemba aliliona hilo akiwa mwanafunzi Tanganyika mwaka 1963, na 1969 akalichapisha pamoja na mwanafizikia Osborne.

Yabisi: Waliorudia wengine hawakulipata. Ubishi haujaisha.

Dogo Fizikia: Mvuke wa moto mnauona kwa macho lakini mnabisha!

Yabisi: Huuoni. Mvuke hauonekani, ule weupe juu ya birika ni vitone vya maji.

Mama Tunu: Haya, mwenye shughuli yuko wapi?

chemchem: Nipo. Wageni 40 hivi. Nilisahau kusema, si chupa. Ni juisi, iko kwenye ndoo.

Kibatari: NDOO?

Mama Tunu: Basi futa ile chumvi.

Yabisi: Na hiyo barafu unayoagiza, imegandishwa kwa maji ya kunywa?