Siku ya usafi wa ziwa imetangazwa tena. Tunamdanganya nani?

Wakuu, leo naandika kwa hasira, mnivumilie.

Kikundi chetu cha kuhifadhi ziwa kimetangaza tena siku ya usafi. Fulana zimeshachapishwa, bango lipo, ratiba ni ile ile: kuokota chupa za plastiki ufukweni, hotuba, picha ya pamoja, kila mtu kwao. Chupa ni uchafu, sibishi. Lakini nionyesheni chupa iliyowahi kugeuza ziwa zima kijani kama rangi ya ukutani.

Kinacholisha ule mwani, yaani vimea vidogo vya majini vinavyoleta huo ukijani, ni fosforasi, kirutubisho cha mimea. Mwaka 1973 mwanasayansi wa maziwa David Schindler na wenzake waligawanya ziwa dogo huko Ontario, Kanada, kwa pazia. Pande zote mbili wakatia kaboni na naitrojeni, fosforasi wakatia upande mmoja tu. Upande huo ndio uliogeuka kijani. Na fosforasi inafikaje kwetu? Kwa maji taka, kwa mbolea na samadi inayosombwa na mvua, na kwa udongo wa mashamba ya mteremkoni, maana hushikamana na chembe za udongo. Vijito vinaleta tope kutoka juu, sisi tumejazana chini na mifuko ya taka!

Ni shughuli gani ya kikundi imewahi kufanyika huko juu? Hakuna. Wakulima wa huko hawaitwi hata mkutanoni, wanatajwa tu pale anapotafutwa wa kulaumiwa. Mvua inawachukulia udongo mzuri pamoja na mbolea waliyoinunua kwa jasho lao. Mtu wa namna hiyo ukimfuata kwa heshima, mkazungumza makinga maji na ukanda wa nyasi kando ya kijito, kwa nini akukatalie?

Lililonichefua kabisa ni matete. Mara iliyopita walifyeka matete ya ukingoni wakaita usafi, eti ziwa lionekane. Lionekane na nani? Na wenye nyumba za ufukweni, ambao ndio hao hao wamejaa kwenye kamati, na mashimo yao ya maji taka hakuna anayethubutu kuyakagua. Yale matete yanapunguza kasi ya maji, yananasa tope kabla halijaingia ziwani, na samaki wadogo wanajificha humo. Tumefyeka chujio letu wenyewe, tukapanga mstari tukapigwa picha mbele yake! Nilipouliza nikaitwa mpinga maendeleo. Haya.

Miche nayo inapandwa, inapigwa picha, inakauka. Hiyo niiache.

Na asije mtu kuniambia haiwezekani. Ziwa Washington, pale Seattle, Marekani, lilikuwa linapokea maji taka yaliyotibiwa kutoka miji iliyolizunguka, mwani ukalijaa. Mwaka 1958 wananchi walipiga kura kuunda chombo kimoja cha kushughulikia maji taka, na kati ya 1963 na 1968 mabomba yakahamishiwa kwingine. Ndani ya miaka michache maji yakaanza kuwa maangavu. Walianza na bomba, jamani. Anayetaka kuona upande wa pili atazame Ziwa Erie, mpakani mwa Marekani na Kanada: Agosti 2014 wakazi zaidi ya 400,000 wa mji wa Toledo na vitongoji vyake walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa sababu ya sumu ya mwani. Hata kuyachemsha walikatazwa, kwani maji yakipungua kwa mvuke sumu inabaki na kukolea. Mbolea ya mashambani, inayoshuka na mto Maumee, ndiyo inayotajwa zaidi huko.

Sisi hata kujua kama hali inapanda au inashuka hatuwezi. Kuna kisahani cha Secchi: sahani nyeupe na nyeusi kwenye kamba yenye alama, unaishusha majini mpaka isionekane, unasoma kina. Padri Angelo Secchi alitumia sahani nyeupe kwa namna hiyo tangu 1865. Mwanafunzi yeyote anaweza, na kuitengeneza haizidi gharama ya hizo fulana. Kikundi kina picha tele, daftari la vipimo hakina.

Wanakamati mmo humu, nawajua kwa maandishi yenu. Nani aliidhinisha matete yafyekwe? Mashimo ya maji taka ya ufukweni yatakaguliwa lini, na nani? Nataka majina na tarehe. Hotuba wekeni akiba kwa siku yenu ya usafi.