Mama hatambui watoto wake: nani atie sahihi?

Mkwaju: Wadau, hapa Likoni, Mombasa, kuna bibi ana ugonjwa wa kusahau, wanawe anawachanganya. Wamemletea mnunuzi wa shamba, wakamshika mkono, dole gumba likapigwa kwenye karatasi. Wakili anawaambia haitasimama, waende Mahakama Kuu kwanza ateuliwe msimamizi wa mali yake. Yaani mwana wa kumzaa akaombe ruhusa kwa jaji?

Karani Mstaafu: Akaombe. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, Sura ya 248. Na hata akiteuliwa, ardhi hauzi bila idhini ya mahakama, wala hakodishi kwa zaidi ya miaka mitano.

Bin Tudor: Hizo sheria za mkoloni! Ulipe wakili, ulipe daktari wa ripoti, tarehe isogezwe hadi mgonjwa azikwe. Familia ikae iamue. Ila wale ndugu walioko Doha, Qatar, wasiulizwe, kazi yao kutuma sauti za WhatsApp tu.

Karani Mstaafu: Mkoloni gani? Ni ya 1989, ikarekebishwa 2022.

Mgeni wa Doha: Wewe Tudor umenigusa. Dawa ananunua nani? Nyinyi mliobaki mna namba ya siri ya M-Pesa ya mama, kila nikituma elfu kumi naambiwa dawa zimepanda. Dawa gani hizo, za dhahabu?

Binti Kisauni: Elfu kumi na kelele zote hizi! Mama namwogesha mimi. Saa nane za usiku naamka mimi, anatafuta ufunguo wa nyumba iliyobomolewa zamani. Namba ya siri ninayo, sikatai. Njoo nikupe, na mashuka uyafue.

Karani Mstaafu: Ndiyo faida ya mahakama, dada. Msimamizi anatoa hesabu, hakuna wa kukuita mwizi.

Mgeni wa Doha: Mwizi sijasema.

Binti Kisauni: Umesema dhahabu.

Mwalimu Kaloleni: Samahanini. Hakuna aliyeuliza bibi mwenyewe anataka nini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa watu wenye ulemavu tuliuridhia 2008, ibara ya 12 inataka mtu asaidiwe kuamua. Mama yangu asubuhi anakutajia bei ya nazi bila kukosea, jioni ananiuliza mimi mtoto wa nani. Sahihi yake tuchukue ya saa ngapi?

Bin Tudor: Mwalimu, Umoja wa Mataifa utakuja kubadilisha nepi?

Mkwaju: Baba yangu alimwandikia kaka hati ya uwakilishi mapema, akiwa timamu, kwamba atie sahihi kwa niaba yake. Hiyo si inatosha?

Karani Mstaafu: Kwa kawaida hati hiyo nguvu yake huisha akili ikimtoka mwenyewe. Waingereza walitunga sheria 2005, kwao ipo hati inayoendelea hata akili ikipotea. Sisi bado.

Bin Tudor: Si nilisema mkoloni!

Mgeni wa Doha: Desemba nina likizo. Nikifika nataka risiti zote.

Binti Kisauni: Za nepi pia? Basi njoo na gunia.