Kampeni ya bure, kliniki au duka la dawa za mifugo: mbwa na paka wachanjwe wapi?

MfugajiKihonda
Ndugu wanajukwaa, nina mtoto wa mbwa wa wiki 9 na paka jike wa mwaka mmoja, na wote hawajapata chanjo yoyote. Hapa Morogoro naona njia tatu: kusubiri kampeni ya bure ya kichaa cha mbwa, ambayo mtaani kwetu hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, kwenda kliniki ya binafsi, au kununua chanjo dukani na kuwachoma mwenyewe. Ipi ni bora?

BwanaMifugo
Ndugu yangu, njia hizo hazifanyi kazi moja. Kampeni huchanja dhidi ya kichaa tu, na hulenga kufikia angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili virusi vikose pa kupita. Usiikose hata kidogo, kwa kuwa dalili za kichaa zikishaanza, awe mtu au mnyama, ni nadra mno kupona. Hata hivyo, haimkingi mtoto wa mbwa na parvo wala distempa, magonjwa hatari ya virusi yanayoua watoto wa mbwa. Hayo yana chanjo yake ya mchanganyiko, inayoanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka atimize wiki 16, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake huweza kuizima chanjo ya mapema. Wako amekwisha kuchelewa kidogo, kwa hiyo usisubiri kampeni.

MzeeWaUsaRiver
Mimi nilinunua dukani, na ninajuta hadi leo. Nilipewa vichupa viwili, kimoja cha unga mkavu na kingine cha maji, ndani ya mfuko wenye kipande cha barafu. Chanjo hiyo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, lakini niliposhuka kwenye daladala barafu ilikuwa imegeuka maji ya vuguvugu, nami nikamchoma mtoto wangu wa mbwa hivyo hivyo. Baada ya wiki tatu alitapika povu la njano, akaharisha damu, na siku ya tatu akanifia mikononi. Siwezi kuapa kwamba ni lile joto, ila sikuleta mbwa mwingine uani kwa mwaka mzima, maana virusi vya parvo hudumu udongoni miezi mingi.

MamaPaka
Naomba paka asisahauliwe, kwani naye huugua kichaa na kukiambukiza. Kwenye kampeni wangu alitishwa na mbwa waliokuwa foleni, akatoboa kiroba na kutokomea mtaroni hadi kesho yake. Kliniki nilimpeleka ndani ya tenga lililofunikwa kanga, akachanjwa kichaa pamoja na panlukopenia (ugonjwa hatari wa virusi wa paka) na mafua ya paka, na daktari akabandika lebo ya kichupa kwenye kadi yake.

MfugajiKihonda
Nashukuruni sana. Jumamosi wote wawili wanakwenda kliniki, paka akiwa ndani ya tenga, na mtoto wa mbwa atachanjwa kichaa kwenye kampeni iwapo atakuwa ametimiza wiki 12.